Anayefungiwa Nje ni Aliyelipa

Mwezi Julai 2008, watu walionunua gemu ya Rainbow Six Vegas 2 kwa kuipakua mtandaoni walijikuta hawawezi kuicheza. Kampuni ya Ubisoft ilikuwa imetoa sasisho, na baada ya sasisho hilo gemu ikaanza kuwadai waingize diski kwenye kompyuta. Diski hawakuwa nayo. Walikuwa wamelipa bei kamili na kupakua gemu moja kwa moja. Katika biashara ile diski haikuwahi kuwepo. Malalamiko yalipozidi, kampuni ikatoa faili la kuondoa tatizo. Wateja wadadisi wakalifungua faili lile kuona kilichomo, wakakuta ndani yake jina RELOADED, jina la kundi la maharamia lililokuwa likivunja makufuli ya gemu na kuzisambaza bure. Mwenye mali alikuwa amemfungia mteja wake nje, kisha akaenda kuazima ufunguo kwa mwizi. Miaka miwili baadaye ikagundulika kwamba Max Payne 2, iliyokuwa ikiuzwa kihalali kwenye duka la Steam, nayo ilikuwa na alama ya kundi jingine la wavunjaji, Myth.

Ukiipitia historia ya makufuli ya gemu, yaani vizuizi vya kunakili, tangu enzi za kaseti, utakuta mambo ya namna hii yanajirudia hata hayashangazi tena. Kufuli halimgusi mwizi, kwa sababu nakala inayomfikia ni ile ambayo kufuli limekwisha kung'olewa. Anayelala na kuamka nalo ni mteja. Mvunjaji mmoja stadi akifanikiwa, kazi yake inanakiliwa mara milioni bila yeye kutoa jasho la ziada. Lakini kila mteja hulipitia kufuli peke yake, kila mara anapotaka kucheza. Hesabu hiyo haijabadilika kwa zaidi ya miaka 40. Ninachotaka kukitetea hapa ni kwamba uharamia hupungua pale nakala halali inapokuwa bora kuliko ya wizi, inapopatikana kwa urahisi kuliko ya wizi, na kwa bei ambayo mtu wa mahali husika anaimudu. Hayo matatu yakikosekana, kufuli halisaidii. Na yakiwepo, kazi inayobaki kwa kufuli ni ndogo mno.

Manung'uniko yenyewe ni ya zamani kuliko gemu nyingi tunazozijua. Mwaka 1976 Bill Gates, akiwa kijana wa miaka 20, aliwaandikia wapenda kompyuta barua ya wazi akilalamika kwamba wengi wao walikuwa wakitumia programu yake ya BASIC ya mashine ya Altair bila kuilipia. Alikuwa na haki ya kulalamika. Kilichofuata ni watu wa gemu kujaribu kila hila ya kuzuia kunakili. Katika miaka ya 1980, gemu za kompyuta ya ZX Spectrum zilikuja kwenye kaseti za kawaida, na yeyote mwenye redio ya kaseti mbili alikuwa na kiwanda nyumbani. Gemu ya Elite ilipotoka kwa mashine hiyo, ndani ya boksi kulikuwa na kidude cha plastiki kiitwacho Lenslok. Ulikikunjua, ukakiegemeza kwenye kioo cha televisheni, ukarekebisha ukubwa wa picha, kisha ukachungulia kupitia vipande vya lenzi ili herufi mbili zilizovurugwa zisomeke. Televisheni ikiwa kubwa mno au ndogo mno, herufi hazikusomeka. Kuna wateja waliouziwa boksi lenye lenzi ya gemu nyingine kabisa, wakakaa mbele ya televisheni na mali yao halali mkononi isiyofunguka. Aliyepata kaseti iliyovunjwa hakuhitaji lenzi yoyote.

Yapo makufuli ya zamani ambayo nayakumbuka kwa heshima, na ni vizuri kuyataja kwa sababu yanafundisha. The Secret of Monkey Island ya mwaka 1990 ilikuja na visahani viwili vya karatasi ngumu vilivyobanwa katikati. Kimoja kilikuwa na nusu za juu za nyuso za maharamia wa baharini, kingine nusu za chini. Gemu ilikuonyesha uso mmoja na kukutajia mahali; wewe ulizungusha visahani hadi macho na kidevu vikutane, ukasoma mwaka kwenye kidirisha, ukauandika. Vijana walivitoa kopi, wakavikata kwa mkasi na kuvibana kwa pini, kwa hiyo kama kufuli havikuwa na nguvu kubwa. Lakini vilikuwa sehemu ya mchezo. SimCity ya 1989 ilikuja na karatasi ya rangi nyekundu iliyokolea, yenye maandishi meusi, ili mashine ya kutolea kopi itoe weusi mtupu. Aliyetaka kuiba alilazimika kukaa na kalamu na kunakili orodha nzima kwa mkono. Tofauti ya visahani na karatasi ile ni kwamba visahani vilimpa mteja kitu cha kushika na kufurahia, ambacho nakala ya wizi ilikuwa nacho kwa sura duni tu. Tasnia ingeshika njia ile ya visahani, ingejiokoa na mengi.

Haikuishika. Diski za CD zilipoingia, kufuli likahama kutoka mkononi mwa mchezaji likaingia ndani ya kompyuta yake, mahali asipoliona. SafeDisc, SecuROM na StarForce zilikuwa programu zinazojipenyeza chini kabisa ya mfumo, mahali panapostahili kukaa viendeshi vya vifaa, ili kuhakiki kwamba diski ni ya kiwandani. Mwaka 2006 Ubisoft iliachana na StarForce baada ya wateja kulalamika kwamba inaharibu kompyuta zao. Mwaka 2007 kiendeshi cha SafeDisc kilikutwa na tundu la kiusalama ambalo wadukuzi wangeweza kulitumia kuiteka Windows. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, Microsoft ilikataa kukipakia, na kwa upande wa usalama uamuzi huo ulikuwa sahihi. Matokeo yake ni kwamba aliyenunua diski ya The Sims mwaka 2000, akaitunza kwenye boksi lake bila mkwaruzo, akiitia leo kwenye kompyuta ya kisasa haifunguki. Nakala iliyovunjwa na maharamia haina SafeDisc, kwa hiyo kikwazo hicho haikijui. Watunzaji wa kumbukumbu za gemu wanalijua tatizo hili vizuri mno. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2023 na Video Game History Foundation ulionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotolewa Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena sokoni. Kufuli likishazikwa na kampuni iliyolitengeneza, urithi huo unabaki mikononi mwa walewale walioitwa wezi.

Kilele cha enzi hiyo kilikuwa Spore, gemu ya Will Wright iliyosubiriwa kwa hamu hadi Septemba 2008. Kampuni ya EA iliifunga kwa SecuROM na kuweka sharti kwamba mteja anaweza kuiwasha kwenye kompyuta mara tatu tu. Ukibadilisha mashine, ukaweka Windows upya, ukabadilisha mashine tena, umemaliza haki yako. Inabidi upige simu ukaombe. Wateja walikasirika, wakajaza ukurasa wa gemu hiyo kwenye duka la Amazon maoni zaidi ya 2,000 ya nyota moja katika siku chache. Kufuli lenyewe lilikuwa limevunjwa hata kabla ya siku ya kutoka rasmi. Kufikia mwisho wa mwaka, tovuti ya TorrentFreak ilikadiria kwamba Spore ilikuwa imepakuliwa kiharamia mara milioni 1.7, ikaongoza orodha ya mwaka huo. Sisemi kufuli ndilo lililozaa milioni zote hizo, kwani gemu yenye jina kubwa huibwa tu. Nasema halikuzuia, na njiani likawageuza wateja wengi waaminifu kuwa maadui.

Baada ya hapo likaja wazo la kumfunga mteja kwa kamba ya intaneti. Mwaka 2010 Ubisoft ilitoa Assassin's Creed II kwa kompyuta kwa sharti kwamba lazima uwe mtandaoni muda wote, hata kama unacheza peke yako. Mtandao ukikatika, gemu inasimama. Mwezi Machi seva za kampuni zikashambuliwa, na watu waliolipa wakakaa nje. Kufikia 2012 kampuni ilikuwa imeuacha utaratibu huo. SimCity mpya ya Machi 2013 ilirudia kosa lile lile: siku ya kwanza seva zilielemewa, wanunuzi wakapanga foleni kuingia kwenye miji waliyoinunua wenyewe. Watengenezaji walisema gemu haiwezi kufanya kazi bila seva, na mwaka mmoja baadaye wakatoa sasisho la kuicheza bila mtandao. Msomaji wa Kigoma au Kakamega, anayejua bando linavyokata katikati ya jambo na umeme unavyoondoka bila kuaga, hahitaji kuelezwa zaidi. Sharti la kuwa mtandaoni saa zote liliandikwa na watu wasiowahi kufikiria kwamba mteja anaweza kuishi mahali pengine.

Sasa nije kwa wanaopinga, maana hoja zao si nyepesi. Wa kwanza ni mtengenezaji mdogo, anayesema: haya ya makampuni makubwa hayanihusu, mimi nikiibiwa nafunga duka. Yupo aliyelionyesha jambo hili kwa ustadi. Aprili 2013 kampuni ya watu wachache, Greenheart Games, ilitoa Game Dev Tycoon, gemu ambayo ndani yake unaendesha kampuni ya kutengeneza gemu. Siku hiyohiyo wao wenyewe wakaipeleka nakala ya bure kwenye mitandao ya maharamia, wakiwa wameibadili kidogo: baada ya saa kadhaa kampuni ya mchezaji inaanza kufilisika kwa sababu gemu zake zinaibwa na watu. Mwisho wa siku ya kwanza, wachezaji 3,104 walikuwa na nakala ile na 214 walikuwa wamenunua. Zaidi ya asilimia 93 hawakulipa, ilhali gemu iliuzwa dola 8 tu na haikuwa na kufuli. Baadhi yao wakaenda kuuliza wenzao wafanyeje, maana uharamia unawaua, na kama kuna namna ya kubuni kufuli ndani ya mchezo. Takwimu hiyo inauma, na anayesema uharamia haumdhuru mtu asiitaje bila kuinamisha kichwa. Lakini tuitazame vizuri. Inatuambia ni wangapi walichukua bure. Haituambii ni wangapi wangelipa kama bure isingekuwepo. Greenheart wenyewe waliendelea kuiuza gemu yao bila kufuli, na kisa kile, kwa uwazi wake, kikawaletea wanunuzi ambao tangazo lisingewafikia.

Wa pili ana ushahidi wa vitabu. Tangu 2014 kuna kufuli la Denuvo, lililotengenezwa Austria, ambalo limewachelewesha wavunjaji kuliko mengine yote. Mwaka 2024 mtafiti William Volckmann alichapisha uchunguzi wa gemu 86 zilizolitumia, akakuta kwamba kufuli likivunjwa katika juma la kwanza, mapato hushuka kwa wastani wa asilimia 20 hivi. Hiyo ni pesa nyingi, na naikubali takwimu hiyo bila kujitetea. Lakini uchunguzi huohuo unasema kwamba baada ya majuma 12 athari hiyo karibu inakwisha, na kufuli linaweza kuondolewa bila hasara ya maana. Basi swali ni kwa nini mteja aliyenunua gemu miaka mitano iliyopita bado anatembea na mnyororo huo mguuni. Wapo wachapishaji wanaoiondoa Denuvo baada ya muda, na nawapongeza, lakini wengi wanaiacha. Resident Evil Village ya 2021 ilikuwa ikikwamakwama kwenye kompyuta, hasa adui anapouawa, hadi nakala iliyovunjwa ilipotoka Julai na kuonekana inakwenda laini kuliko ile ya kununua. Mwezi huohuo Capcom, kampuni yenye gemu hiyo, ikatoa sasisho la kurekebisha. Tena, upande wa pili wa mizani, Tume ya Ulaya ililipia uchunguzi mkubwa kwa kampuni ya Ecorys, ukawahoji watu karibu 30,000 katika nchi sita. Ulikamilika 2015 ukakaa kabatini hadi mbunge Julia Reda alipoudai na kuuweka hadharani 2017. Kwa upande wa gemu, haukukuta kwamba upakuaji haramu unapunguza mauzo. Makadirio yake yalielekea upande wa kuyaongeza. Mimi siendi mbali hivyo. Kwa jumla ushahidi unaniambia kwamba kufuli lina faida ya majuma machache, na gharama ya miaka mingi.

Nchi iliyolithibitisha hili kwa vitendo ni Poland. Kabla ya 1994 sheria ya nchi hiyo haikuilinda programu ya kompyuta waziwazi, na gemu za kunakili ziliuzwa mezani kwenye masoko ya Warsaw kama nyanya. Marcin Iwiński na Michał Kiciński walianzia humohumo, katika biashara ya soko la kompyuta, kabla ya kufungua kampuni yao, CD Projekt, mwaka huo wa 1994. Walipopata haki ya kuuza Baldur's Gate mwaka 1999 hawakutafuta kufuli kali. Waliitafsiri gemu yote kwa Kipoland, wakawaajiri waigizaji maarufu wa nchi yao kusoma sauti, akiwemo Piotr Fronczewski, wakatia kwenye boksi ramani iliyochapwa kama karatasi ya kale, kitabu cha kanuni na diski ya muziki. Gemu yenyewe ilikuwa diski tano, kwa hiyo mwenye meza sokoni alipaswa kuchoma diski tano na kuuza kitu kisicho na ramani wala kitabu. Siku ya kwanza waliuza nakala 18,000, katika nchi ambayo watu walisema hakuna anayenunua gemu. Kizuri chajiuza. Kampuni hiyohiyo ilifungua mwaka 2008 duka la GOG linalouza gemu bila kufuli. The Witcher 2 ilipotoka 2011, nakala za dukani zilikuwa na SecuROM na za GOG hazikuwa na kitu. Maharamia wakavunja ile yenye kufuli badala ya kuchukua iliyo wazi, kwa sababu kwao sifa iko kwenye kuvunja. Haikupita muda SecuROM ikaondolewa kwa sasisho. Hata CD Projekt hawakuwa malaika: mwaka huohuo mawakili wao waliwatumia watu wa Ujerumani waliotuhumiwa uharamia barua za madai, umma ukachachamaa, wakaacha Januari 2012. The Witcher 3 ikaja 2015 bila kufuli, na kufikia 2023 ilikuwa imeuza nakala zaidi ya milioni 50 katika mashine za aina zote.

Mtu ataniuliza kuhusu Steam, maana nayo ni kufuli: bila akaunti huchezi. Ni kweli, na watu walipolazimishwa kuitumia kwa gemu ya Half-Life 2 mwaka 2004 waliilaani. Kilichowatuliza ni huduma. Gemu inajisasisha yenyewe, unaipata kwenye kompyuta yoyote, hifadhi ya mchezo inakufuata. Mkuu wa Valve, kampuni yenye Steam, Gabe Newell, alisema mwaka 2011 kwamba uharamia kwa sehemu kubwa ni tatizo la huduma, akaitolea mfano Urusi, ambako maharamia walikuwa wakizitafsiri gemu kwa Kirusi haraka kuliko wauzaji rasmi. Valve ilipoleta huduma nzuri, Urusi iliyodharauliwa ikawa moja ya masoko yake makubwa Ulaya. Hata hivyo akaunti haimpi mtu umiliki. Ubisoft ilipozima seva za gemu ya The Crew tarehe 31 Machi 2024, wachezaji waliona leseni zao zikifutwa kwenye maktaba zao, na kampeni ya Stop Killing Games ikazaliwa; kufikia Julai 2025 ilikuwa imekusanya saini zaidi ya milioni moja Ulaya. Tangu Januari 2025 sheria ya California inamlazimu muuzaji amweleze mteja waziwazi kwamba anachopewa ni leseni tu.

Na sisi? Katika miji yetu kizazi kizima kilijifunza gemu kwenye vibanda vya PlayStation, kikilipia kwa mechi, kwenye mashine zilizotiwa chipu ili zisome diski za kunakili. Ni rahisi kukihukumu kizazi hicho. Lakini Mei 2024 Sony ilipotaka kila mchezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta awe na akaunti ya PlayStation, ilibainika kwamba akaunti hizo hazitolewi rasmi katika nchi na maeneo 177, Kenya, Tanzania na Uganda zikiwemo. Wachezaji walipiga kelele duniani kote na sharti likafutwa ndani ya siku chache, ila gemu ilikuwa imeshaondolewa kuuzwa kwenye nchi hizo. Mtu wa Nairobi aliyekuwa na pesa yake mkononi aliambiwa hauziwi. Yeye hakuvunja kufuli la mtu. Duka ndilo lililofungwa mbele yake. Kwa kijana wa Arusha au Kampala anayeandika gemu yake ya kwanza sasa hivi, nina ombi moja. Kabla hujalipia kufuli, hakikisha mtu wa Tabora au Gulu anaweza kuiona bei kwa shilingi, akalipa kwa simu yake, na kucheza umeme ukirudi hata kama bando limekwisha.